Ardhi Haifundishwi kwa Chaki Peke Yake

Upo ugonjwa katika shule zetu ulioachwa muda mrefu bila tiba, nao ni ule wa kuifundisha ardhi kana kwamba ni habari ya nchi ya mbali. Mtoto wa Ilala husimama darasani akayataja matabaka ya dunia kwa mpangilio, ganda la nje, tabaka la kati na kiini, bila kukosea hata neno. Muulize lile tope linalobaki ndani ya nyumba za Jangwani baada ya mafuriko hutoka wapi, atakutazama kana kwamba umemtukana. Hakufundishwa. Alikaririshwa.

Jambo hili si dogo, wala si la walimu peke yao. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, watu wapatao 40 wakapoteza maisha jijini Dar es Salaam, na kaya nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo mto huo umefurika tena na tena, na kila mara lawama ni zilezile: wananchi ni wakaidi, wanarudi mabondeni. Wakaidi wapo, hatukatai. Lakini ni nani aliyepata kumweleza mwananchi huyo, alipokuwa bado mtoto wa darasa la tano, kwa nini bonde ni bonde? Katazo ambalo mtu hajui sababu yake hulitii wakati wa kiangazi tu.

Na hapa ndipo uzembe wetu unapoonekana wazi, kwa maana Msimbazi ni zawadi kwa mwalimu. Mto huo huanzia katika vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, hufika Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander, mwendo wa kilomita 35 hivi. Rufiji mwanafunzi hawezi kuuona mwanzo na mwisho wake kwa siku moja. Msimbazi anaweza, kwa nauli ya daladala.

Na kama nauli imekosekana, mwalimu na achukue chupa tupu ya maji, atie konzi ya udongo wa ukingoni mwa mto, ajaze maji, aitikise kwa nguvu, kisha aiweke dirishani. Changarawe na mchanga hutua kwa nukta chache. Udongo laini zaidi hutua baada ya dakika kadhaa. Mfinyanzi huyaacha maji na rangi ya chai ya maziwa hata kesho yake. Hapo mtoto ameshuhudia mwenyewe kwamba maji yaendayo kasi hubeba, na maji yatuliayo hushusha mzigo. Kutoka chupa ile hadi Jangwani ni hatua moja: mto hushuka kutoka Pugu umebeba udongo wa miteremko iliyofyekwa, hufika tambarare ukachoka, hutupa mzigo wake chini ya daraja. Kina hupungua, na mvua ifuatayo maji hayana pa kupita ila majumbani mwa watu.

Akitaka kwenda mbele zaidi, mafundi bati wa Gerezani watamtengenezea sinia mbili za bati. Moja aipande majani, nyingine aiache udongo mtupu, aziinamishe juu ya tofali, amwagie kila moja kopo moja la maji, na watoto watazame rangi ya maji yanayotoka. Somo hilo mtoto hatalisahau hata akizeeka.

Tunaambiwa vifaa hakuna. Tunangoja projekta, tunangoja wafadhili. Kasumba! Hatuisemi picha vibaya, maana ina kazi yake pale jicho lisipofika. Ol Doinyo Lengai ulilipuka mwaka 2007, na ndio mlima pekee duniani unaojulikana leo kutoa lava ya aina yake, nyeusi itokapo na nyeupe ipoapo. Watoto wa Buguruni hatuwezi kuwapeleka wote huko, basi waonyeshwe kwenye picha. Waonyeshwe pia nyufa za Kagera baada ya tetemeko la 10 Septemba 2016. Lakini kumwonyesha mtoto wa Pugu picha ya kilima huku kilima chenyewe, chenye hazina kubwa ya udongo mweupe wa kaolini, kiko nyuma ya darasa, ni dhihaka.

Mjini kwenyewe mambo ni tele. Kuta za Boma la Kale, lililojengwa zama za Sultani Majid katika miaka ya 1860, ni mawe ya matumbawe, yaani viumbe wa bahari waliogeuka mwamba. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ndiyo yenye fuvu alilolivumbua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Umri wake wa miaka 1,750,000 hivi haukusomwa katika mfupa bali katika majivu ya volkeno. Ni wangapi wanaopita hapo kila siku kwenda shule wasijue hayo?

Machi 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akaonya juu ya shule inayotukuza kitabu na mtihani na kumtenga mtoto na maisha ya wazazi wake. Walimu wengi wanalijua onyo hilo kwa moyo. Wengine huliuliza hata katika mtihani. Tusiwaonee, hata hivyo. Mwenye darasa la watoto mia, anayepimwa kwa matokeo tu, atafundisha kile kitakachoulizwa. Na huko sekondari analifundisha somo hilo kwa Kiingereza, hata neno tope halina ruhusa ya kuingia darasani kwa jina lake.

Kwa hiyo dawa ianzie juu. Baraza la Mitihani liulize maswali ambayo hayawezi kujibiwa na aliyekariri: maji ya mvua iliyonyesha Pugu yanafika Jangwani yakiwa yamebeba nini, na kwa nini huubwaga mzigo hapo? Na afisa elimu atakayesema hana fungu la sinia mbili za bati, atuonyeshe kwanza fungu alilotumia mwaka uliopita kuchapisha mitihani ya majaribio.