Barua kwa Kigoma: Kampasi Mpya Ifunguliwe na Chumba cha Maonyesho

Wazee wangu wa Ujiji, ndugu zangu wa Mwanga, Gungu, Kibirizi na Mwandiga, na ninyi vijana mnaosubiri kuanza chuo,

Nawaandikia kutoka Brussels kuhusu jambo ambalo bado tuna nafasi ya kuliamua vizuri. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinajenga kampasi mkoani kwetu kupitia mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu nchini. Mkoa wetu, ambao kwa sensa ya 2022 una watu wapatao milioni 2.5, umezoea kuwapandisha watoto wake treni na kuwapeleka zaidi ya kilomita 1,200 wakasomee udaktari Dar es Salaam. Sasa utapokea watoto wa mikoa mingine. Mazungumzo yote ni ya madarasa, maabara na mabweni, na ni haki yawe hivyo. Ninachokiomba kiongezwe ni chumba cha kudumu cha maonyesho ya historia na utamaduni wa ziwa letu, kiwekwe chini ya ofisi ileile inayowahudumia wanafunzi, na kiendeshwe na wanafunzi wenyewe kwa malipo. Najua neno maonyesho linawakumbusha wengi siku moja ya ngoma na vyakula, mgeni rasmi akishaondoka turubai linakunjwa. Siombi siku kama hiyo.

Kwetu Tanzania, ukisema kumsaidia mwanafunzi, watu wanaelewa mkopo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu 2022 posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, fedha ambayo kila mwanachuo anaiita bumu. Bumu likichelewa, wengine wanaishi kwa kubebana vyumbani na kula mlo mmoja. Kwa hiyo simkatalii yeyote anayesema fedha ndiyo kwanza. Ila kuna shida ambayo fedha haiifikii, nayo ni ugeni: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaketi darasani huku moyoni ana hakika kwamba mahali pale si pake na kwamba siku moja watagundua hivyo. Wataalamu wa saikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011, katika jarida la Science, utafiti uliofanywa katika chuo kimoja cha Marekani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipewa zoezi la takriban saa moja, wakasoma maelezo ya waliowatangulia kwamba ugeni huo huwapata wengi na hupita, kisha wakaeleza wao wenyewe. Kwa miaka mitatu iliyofuata, pengo la alama kati ya wanafunzi weusi na weupe lilipungua kwa nusu. Utafiti ule ulikuwa mdogo, wa watu 92, na chuo cha matajiri wa Marekani si Kigoma, kwa hiyo sidai kwamba chumba chetu kitaleta matokeo yaleyale. Nadai jambo dogo zaidi: kujiona una haki ya kuwa mahali unaposoma kunaingia hadi kwenye mtihani, na chuo chenye busara hakiliachi jambo hilo lijitengeneze lenyewe.

Kigoma ugeni huo una pande mbili. Kijana wa Mtwara au Mara atashuka mwisho wa reli akiwa amebeba yote aliyosikia juu yetu, mengi yakiwa ya ushirikina na ya wakimbizi. Na kijana wa Kasulu au Kakonko, aliyefaulu akaingia chuo kilichojengwa kwao, ataulizwa kwa utani kama kweli ni Mtanzania. Mnajua jinsi utani huo unavyouma. Watu wa mkoa wetu wamezoea kudaiwa ushahidi wa uraia mahali ambapo Mtanzania wa mkoa mwingine anapita tu, na suala hilo limesemwa hadi bungeni. Kuwakataza wanafunzi kutaniana hakutatibu kitu. Kinachosaidia ni maarifa: ziwa lenye urefu wa takriban kilomita 670 linalogawanywa leo na nchi nne, lililokuwa njia ya watu, chumvi, samaki na mawese kabla mpaka wowote haujachorwa juu yake. Mwanafunzi akiielewa ramani hiyo, ataelewa kwa nini Muha wa Kasulu anaelewana na Mrundi, na kwa nini Mmanyema wa Ujiji ana jamaa ng'ambo, na wote wawili ni raia halali. Atakapokuwa daktari hospitali ya Maweni au kwenye zahanati ya mwambao, elimu hiyo itamfaa kila siku.

Mtaniambia Ujiji tayari ina makumbusho. Inayo, na mwambao mzima unapaswa kuyatunza. Lakini tazameni kiini chake ni nini: Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871. Mji uliokuwa na soko, misikiti, misafara na maseremala wa mitumbwi unakumbukwa kwa sababu wageni wawili walisalimiana chini ya mwembe. Huku nilipo hali ni nzito zaidi. Makumbusho ya Tervuren, pembeni mwa Brussels, yana sanamu ya Lusinga, mtemi wa Watabwa ng'ambo ya ziwa. Desemba 1884 watu wa Émile Storms, afisa Mbelgiji aliyeongoza kituo cha Karema upande wetu kabla ya kujenga Mpala upande wa pili, walimuua Lusinga. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu lake likafikishwa Brussels, likaishia katika taasisi ya sayansi asilia. Kwa miongo mingi sanamu ile ilitazamwa kama kazi nzuri ya mikono, na aliyeitazama hakulazimika kujua ilivyopatikana. Tervuren ilifungwa kwa matengenezo, ikafunguliwa tena Desemba 2018 ikiwa imebadili mengi katika maelezo yake, na mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa katika bustani ya wazi mjini Brussels. Yamebadilika kwa sababu watu walidai, Waafrika wa hapa wakiwa mstari wa mbele. Mimi najifunza hapo kwamba anayeandika kibao cha maelezo ndiye anayeamua mtazamaji aone nini, na kazi hiyo ina ujuzi wake. Vijana wetu wakijifunza kuuliza kitu kilitoka wapi, kwa nani, kwa ridhaa ipi, watakuwa tayari siku vitu vya ziwa vitakapojadiliwa kurudi. Wasipojifunza, watakaojadili ni wengine.

Kuhusu cha kuonyesha, utajiri tulio nao unanitia hamu, na naomba nikae hapa kidogo. Mei 2015 wakimbizi wa Kirundi zaidi ya 50,000 walikusanyika Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya milima na maji, wakati huo hakina barabara ya kuwatoa. Kipindupindu kikazuka, maelfu wakaugua na zaidi ya 30 wakafa. Walioletwa Kigoma mjini walibebwa na meli ya Liemba, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Na Liemba ni ile iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa ziwani 1915 kwa ajili ya vita, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Historia ya meli hiyo moja ina ukoloni, vita, ukimbizi na ugonjwa. Iwekeni karibu na habari za James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, ambaye katika kitabu chake cha 1876 alifuatilia jinsi kipindupindu kilivyosafiri na njia za biashara za Afrika Mashariki. Halafu chukueni chungu cha Uvinza, ambako chumvi imechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, mkiweke kando ya pakiti ya dawa ya maji ya chumvi na sukari inayookoa mtoto anayeharisha. Wekeni mawese mekundu na maelezo ya vitamini A, dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao, karabai ya mvuvi na taa ya sola iliyochukua nafasi yake. Mwanafunzi wa uuguzi anayeandaa maonyesho kama hayo amesoma somo lake mara ya pili, tena kwa lugha anayoielewa mama wa Kibirizi anayekuja kuyatazama.

Pingamizi la kwanza ni la fedha, na ndilo la haki zaidi. Kama kuna bweni lisilo na maji, maji yaje kwanza. Lakini ninachoomba ni chumba kimoja, rafu, taa, kufuli imara na posho kwa wanafunzi wachache wenye uhitaji, kila mmoja kwa saa chache za wiki. Posho hiyo ni msaada ambao chuo kingepaswa kuutafuta hata bila maonyesho, na afadhali kijana aupate kwa kazi yenye heshima kuliko kwa kuandika barua za kujieleza umaskini wake. Meza ya ushauri ikiwa humo ndani, mwenye shida ataingia bila kila mtu kujua ameingia kwa shida. Ofisi yenye kibao cha ushauri nasaha mlangoni wengi huikwepa, hasa wavulana.

Wengine watasema wanafunzi wa udaktari hawana muda. Ni kweli ratiba yao ni ngumu. Hata hivyo, ghala la chakula la wanafunzi katika chuo cha Michigan State, Marekani, lilianzishwa mwaka 1993 likiendeshwa na wanafunzi, na bado lipo. Karibu zaidi na kwetu, programu ya vijana ya Roots & Shoots ilianza mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 waliomfuata mtafiti wa sokwe Jane Goodall nyumbani kwake Dar es Salaam na maswali yao, ikaenea nchi nyingi duniani. Goodall alifika Gombe Julai 1960 na alifariki Oktoba 2025, na ni jambo la kusikitisha kwamba vijana wengi wa mkoa wetu wanamsikia kwanza kupitia filamu za nje.

Pingamizi linalonisumbua mimi ni la ukabila. Tanzania imejenga umoja wake kwa kutoutukuza ukabila, na chumba chenye kona ya Waha, kona ya Wamanyema, kona ya Wabembe na kona ya Watongwe kinaweza kuwa mashindano ya nani mwenyeji zaidi. Ndiyo maana nasema maonyesho yapangwe kwa mambo, kama vile chumvi, uvuvi, safari, uzazi na magonjwa, na kila kundi la waandaaji lichanganye wenyeji na wageni. Msukuma akimhoji bibi wa Ujiji kuhusu malezi ya mzazi baada ya kujifungua, akaandika kibao na kuweka jina lake chini, hana tena sababu ya kujiona mgeni pale.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa viongozi wa kampasi: tengeni chumba hicho kabla wanafunzi wa kwanza hawajafika, kwa sababu nafasi ikishapewa matumizi mengine haitarudi. Kwa halmashauri na wabunge wetu: ulizeni habari ya huduma za wanafunzi kwa bidii ileile mnayoulizia majengo. Na kwa ninyi wazee wenye vyungu, picha, barua za biashara na zana za uvuvi: msivitoe bure na msiviuze. Viazimisheni kwa maandishi yanayotaja mwenye kitu, muda wa kuazima na sharti la kurudisha, nakala moja ibaki chuoni na nyingine ibaki nyumbani kwenu.