Muswada wa Fedha wa Kenya: Bunge Lilipitisha, Barabara Ikakataa

Tarehe 20 Juni 2024 Bunge la Taifa la Kenya lilipiga kura juu ya Muswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili. Wabunge 204 waliunga mkono na 115 wakapinga. Siku tano baadaye, tarehe 25 Juni, muswada huo ulisomwa mara ya tatu: 195 wakaunga mkono na 106 wakapinga. Msomaji atakayefanya hesabu ataona jambo la ajabu, kwamba mara zote mbili serikali ilishinda kwa kura 89, bila kupungua wala kuzidi hata moja. Kila upande ulipoteza wapiga kura tisa, basi. Na hali katika siku hizo tano vijana walikuwa wamejaa barabarani Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na hata miji midogo ambayo haijapata kusikia maandamano. Kelele zote hizo, ukizipima kwa mizani ya kura, hazikusogeza kitu ndani ya ukumbi.

Muda mfupi baada ya kura ile ya pili waandamanaji waliuvunja uzio wakaingia katika majengo ya Bunge, sehemu moja ikashika moto, na polisi wakafyatua risasi za moto. Siku hiyo hiyo Waziri wa Ulinzi, Aden Duale, alitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba jeshi limeitwa kuwasaidia polisi. Kesho yake, tarehe 26, Rais William Ruto alikataa kutia saini muswada ambao chama chake kilikuwa kimeupitisha kwa kura 89 za ziada, akaurudisha Bungeni akitaka vifungu vyote vifutwe.

Yafaa tuurudie mjadala wenyewe, kwa sababu wengi waliona moto wakasahau hesabu.

Kenya ilifika katika mwaka 2024 ikiwa imebeba deni la zaidi ya shilingi za nchi hiyo trilioni 10. Sehemu ya deni hilo lilitokana na ujenzi mkubwa wa miaka iliyotangulia, ikiwemo reli mpya ya Mombasa iliyojengwa kwa mikopo ya China, na sehemu ilitokana na kuuza hati za dhamana katika masoko ya Ulaya na Marekani. Kisha yakaja maradhi ya Korona, ukame ulioendelea misimu mingi ya mvua hadi mwaka 2023, vita vya Ukraine vilivyopandisha bei ya ngano, mbolea na mafuta, na riba kupanda duniani. Hati ya dhamana ya dola bilioni 2 ilikuwa imefikia siku yake ya kulipwa Juni 2024. Wafanyabiashara wakaogopa, na shilingi ya Kenya ikaanguka hadi kufikia takriban 160 kwa dola moja mwezi Januari. Mwezi Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5, kwa riba inayokaribia asilimia 10, ili kulipa sehemu ya deni la kale. Shilingi ikapona ikarudi karibu na 130, lakini aliyelipa deni kwa deni anajua kwamba amenunua muda tu.

Hapo ndipo ulipotoka Muswada wa Fedha. Hazina ilitaka kukusanya shilingi bilioni 346.7 zaidi kwa kodi. Mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mafuta ya kupikia yatozwe ushuru wa asilimia 25. Mwenye gari alipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake. Na bidhaa kadha wa kadha, hata nepi za watoto, zitozwe kodi ya mazingira. Tarehe 18 Juni, baada ya maandamano ya kwanza, wakubwa wa chama tawala walitangaza kwamba kodi za mkate, mafuta ya kupikia na magari zimeondolewa. Kwa kawaida hilo lingetosha kutuliza watu. Safari hii halikutosha.

Upande wa serikali ulikuwa na hoja, na si haki kuipuuza. Waliosimama kuutetea muswada walisema kwamba nchi isiyotaka kutozana kodi itakopa, na nchi inayokopa bila kikomo itaishia kuamriwa na wakopeshaji. Rais mwenyewe alikuwa akiwaeleza wananchi kwamba zaidi ya nusu ya kila shilingi 100 ya kodi inakwenda kulipa madeni. Kinachobaki ndicho cha kulipa walimu, waganga, mbolea ya ruzuku, na mishahara ya majeshi na polisi. Hesabu hiyo ni ya kweli, nao wapinzani hawakuweza kuipangua.

Wapinzani walijibu kwa hesabu nyingine, nayo pia ni ya kweli. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilikuwa tayari imepandisha kodi ya mafuta ya gari kutoka asilimia 8 hadi 16, na kukata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi kwa ajili ya nyumba. Pamoja na hayo yote, Mamlaka ya Mapato haikufikia lengo lake. Uchumi unapopungua mwendo, kodi mpya huwaangukia wale wale wachache walio katika daftari, nao hupunguza matumizi, na duka lililopunguza mauzo hulipa kodi ndogo zaidi. Takwimu zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba ukuaji wa uchumi wa Kenya ulishuka kutoka asilimia 5.7 mwaka 2023 hadi asilimia 4.7 mwaka 2024. Machafuko yalichangia, bila shaka, lakini mkoba wa mwananchi ulikuwa umekwisha kubanwa kabla ya Juni.

Kwa maoni yetu, hoja hizi mbili zingeweza kukutana. Jambo lililozizuia zisikutane ni matumizi ya serikali yenyewe. Vijana waliokuwa wakisoma muswada kifungu kwa kifungu katika simu zao walisoma pia makadirio ya matumizi, wakaona safari, ukarabati wa majumba ya wakubwa, na ofisi za wake wa viongozi. Mwenye kuombwa akaze mkanda hutazama kwanza tumbo la anayemwomba. Tarehe 5 Julai, muswada ukiwa umekwisha kufa, Rais alitangaza kuzifutia ofisi hizo bajeti, kuvunja mashirika ya umma 47, na kupunguza nusu ya washauri. Akasema pia kwamba pengo litazibwa kwa kupunguza matumizi kwa shilingi bilioni 177 na kukopa bilioni 169. Ukijumlisha utapata ile ile bilioni 346. Ikiwa shilingi bilioni 177 zingeweza kupunguzwa Julai, mbunge yeyote angeweza kuuliza kwa nini hazikupunguzwa Mei. Hilo ndilo swali ambalo Bunge huchaguliwa kuliuliza, na wale 204 hawakuliuliza kwa nguvu.

Sababu inafahamika kwa kila anayejua nidhamu ya vyama. Mbunge wa chama tawala hupiga kura kwa amri ya kiranja wake, kama askari anavyogeuka kulia kwa amri ya sajini. Tofauti ni kwamba askari amekula kiapo cha kutii, na mbunge ametumwa kusema.

Sasa tuje kwa jambo linalowahusu wasomaji wetu waliovaa sare. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 241, inaruhusu majeshi kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, nayo yatoe taarifa kwa Bunge la Taifa. Lakini kwa kurudisha amani mahali palipo na ghasia, inataka idhini ya Bunge hilo. Tarehe 26 Juni Bunge liliidhinisha. Chama cha Wanasheria kikaenda Mahakama Kuu, na tarehe 27 Jaji Lawrence Mugambi akaamua kwamba jeshi libaki, ila serikali ieleze katika muda wa siku mbili ni wapi jeshi litafanya kazi, kwa muda gani, na kwa utaratibu upi. Afisa yeyote aliyepata kuongoza kikosi atalielewa agizo hilo upesi kuliko mwanasiasa. Amri isiyo na mpaka, isiyo na mwisho, na isiyosema nani anaamuru nani, ni hatari kwa raia. Na ni hatari vile vile kwa askari, kwa kuwa siku ya maswali ndiye atakayeulizwa.

Na maswali yalikuja. Rais alisema watu 19 wamekufa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikahesabu 39 hadi tarehe 1 Julai, na baadaye hesabu yake ikafikia 60. Inspekta Jenerali wa Polisi, Japhet Koome, alijiuzulu tarehe 12 Julai, siku moja baada ya Baraza la Mawaziri karibu lote kufutwa. Wabunge waliopitisha muswada walibaki katika viti vyao.

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa sana. Kamati ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga ilikuwa imependekeza mwaka 2023 mishahara ya polisi iongezwe hadi asilimia 40, na serikali ikaahidi kuanza kulipa kwa awamu katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2024. Kwa hiyo konstebo aliyesimama mbele ya lango la Bunge siku ile alikuwa akilinda bajeti yenye nyongeza yake mwenyewe, dhidi ya vijana ambao huenda mmoja wao ni ndugu yake asiye na kazi, na mkate uliobishaniwa ungeliwa nyumbani kwao wote wawili.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba shida haikuzikwa pamoja na muswada. Agosti 2024 John Mbadi, mmoja wa vigogo wa upinzani, aliapishwa kuwa Waziri wa Hazina. Tarehe 11 Desemba 2024 Rais alitia saini sheria ya kurekebisha kodi iliyorudisha baadhi ya mapendekezo yaliyokataliwa Juni, hasa kodi za makampuni makubwa ya kigeni, na mara hii barabara zilikuwa kimya. Muswada wa mwaka 2025 uliepuka kupandisha kodi kubwa kubwa, ukatiwa saini tarehe 26 Juni 2025. Lakini siku moja kabla ya saini hiyo, vijana walikuwa wamerudi barabarani kuwakumbuka waliokufa, na damu ikamwagika tena. Safari hii hawakuzungumzia mkate. Walitaka kujua ni nani aliyepigwa risasi, kwa amri ya nani, na kesi yake imefika wapi.