Tujue Chanzo Kabla ya Kubadili DNS

Ujumbe unaoshauri kubadili DNS ya simu ili intaneti iende kasi unasambaa sana katika makundi ya WhatsApp ya jumuiya, ya kwaya na hata ya sisi waseminari. Hatuandiki kuupinga, kwa maana una ukweli ndani yake. Tunachosema ni kwamba ukweli huo ni mdogo kuliko unavyotangazwa, na kwamba anayeufuata bila kuuelewa anaweza kupoteza zaidi ya bando.

Kompyuta hutambuana kwa namba, ilhali sisi tunakumbuka majina. Ukiandika jina la tovuti, simu huuliza kwanza namba ya jina hilo, ndipo iende. Mfumo unaojibu swali hilo ndio DNS, uliobuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris. Ni kama mgeni anayeshuka stendi na kumuuliza bodaboda njia ya kwenda parokiani. Bodaboda akisitasita, mgeni anakwama stendi hata kama barabara ni nzuri. Akijibu upesi lakini barabara ni tope tupu, mgeni atafika jioni vilevile. Kubadili DNS ni kubadili mtu wa kumuuliza njia. Barabara inabaki ileile.

Aristotle alifundisha kwamba tunakijua kitu kweli pale tunapoijua sababu yake. Basi tuanze na sababu. Ikiwa ukurasa unakaa kimya kwa sekunde kadhaa kisha unafunguka wote kwa haraka, huenda mwenye kosa ni DNS. Ikiwa video inaanza vizuri halafu inakatika kila mara, tatizo liko kwingine: mnara umeelemewa na watu, mahali ulipo hapana mawimbi ya kutosha, au kifurushi kimekwisha. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikawa nzito Tanzania, Kenya na kwa majirani. Hakuna DNS ambayo ingeunganisha waya uliokatika baharini.

Wengine watasema, "Mimi nilibadili na intaneti ikapona." Inawezekana. Lakini jambo kutangulia jingine si lazima liwe chanzo chake. Huenda mtu alibadili saa nne usiku, wakati majirani wamekwisha kulala na mnara umepata nafasi.

Lipo pia suala zito kuliko kasi, nalo ni uaminifu. Unayemuuliza njia hujua uendako. Mwenye DNS unayoitumia anaweza kuona majina ya tovuti unazotafuta, usiku na mchana. Akiwa na nia mbaya, anaweza kukupa namba ya uongo na kukupeleka kwenye tovuti ya matapeli inayofanana na ya benki yako. Ndiyo maana hatuoni busara kupakua programu yoyote inayojiita kiongeza kasi, wala kumkabidhi simu fundi wa mtaani aweke namba asizoweza kuzieleza.

Anayetaka kujaribu, ajaribu kwa akili. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu iitwayo DNS ya Faragha ndani ya mipangilio ya mtandao. Sehemu hiyo hupokea jina, haipokei namba: dns.google kwa huduma ya Google, au one.one.one.one kwa ile ya Cloudflare. Huduma zote mbili ni za bure, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa mtu. Kwa njia hii swali la simu husafiri limefichwa, hivyo walio njiani hawalisomi, ingawa unayemuuliza bado analiona. Ukikosea herufi moja, intaneti inaweza kukatika kabisa. Usihangaike, irudishe kwenye hali ya otomatiki. Wazazi wanaweza kupendezwa na family.cloudflare-dns.com, ambayo huzuia tovuti nyingi za ngono na zenye virusi. Hata hivyo, mtoto anayejua kuingia kwenye mipangilio anaweza kuiondoa, kwa hiyo haichukui nafasi ya malezi.

Tunawaomba hasa waseminari wenzetu wawe makini. Mama wa jumuiya akipata ujumbe kutoka kwetu huuamini kwa sababu sisi ni "frateri", si kwa sababu ameupima. Deni hilo ni letu. Kabla ya kusambaza ushauri wa simu, tuujaribu kwa siku kadhaa, saa zilezile na mahali palepale, kisha tuseme umesaidia nini na haukusaidia nini. Na pale mnara unapolemewa kila jioni, tuwaeleze waumini kwamba dawa ni kupeleka malalamiko kwa mtoa huduma, wakitaja mahali na saa, badala ya kuendelea kubadili mipangilio na kununua bando jingine.