Ndugu wa Kabeza, tusisafiri kimyakimya

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa safari haitangazwi. Ukitaka kwenda, nenda. Watu wajue ukisharudi, maana hujui nani ana kijicho. Hofu hiyo naielewa. Lakini kwa hali ilivyo mipakani, nawaomba majirani zangu tuilegeze. Si lazima mtaa mzima ujue. Ila asiondoke mtu hapa Kabeza, Kigali, bila watu wawili anaowaamini kujua anakwenda wapi, anapitia njia gani na anatarajiwa kufika lini.

Tunajuana tulivyo. Huyu ana mama yake Goma, yule ana wadogo zake Bujumbura, mwingine amezaliwa Tanzania na mizigo yake inapita mpaka wa Rusumo. Watu kama sisi hatuwezi kuambiwa tukae nyumbani mpaka siasa itulie. Msiba haungoji, wala mgonjwa hangoji. Kwa hiyo simzuii mtu kwenda.

Lakini njia zetu hugeuka kwa usiku mmoja. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na aliyezoea kwenda Bujumbura moja kwa moja ikabidi azunguke Rusumo, apite Ngara, ndipo aingie Burundi. Gatuna, njia yetu ya Kampala, ilifungwa Februari 2019 na haikufunguliwa mpaka mwisho wa Januari 2022. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, makombora yalivuka mpaka yakaua watu Rubavu, na huko Goma uwanja wa ndege na benki vikafungwa. Aliyekuwa na pesa kwenye akaunti tu, siku hizo alikuwa kama hana kitu.

Kuna jambo moja ambalo halinitoki moyoni. Oktoba 3, 2024 boti iitwayo Merdi ilitoka Minova ikazama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Watu walikuwa wamejazana humo kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara. Makumi walikufa, na kwa siku kadhaa mamlaka zilitoa idadi zinazopishana za waliokuwamo. Fikirini nyumba ambayo mtoto wao alikuwa amesema tu "natoka kidogo". Wataanza kumtafuta wapi? Barabara ikifungwa, hatari huhamia kwenye njia ya mkato, na njia ya mkato ndiyo watu huipita bila kumwambia mtu.

Basi kabla ya kupanda gari kituo cha Nyabugogo, muulize mtu aliyefika kutoka huko jana au leo asubuhi: dereva, mfanyabiashara, shangazi anayeishi hukohuko. Sauti ya WhatsApp iliyosambazwa mara nyingi haina tarehe wala mwenyewe; usisafiri kwa kuiamini hiyo, wala usiahirishe safari kwa sababu yake. Tiketi ipige picha uitume nyumbani. Namba tatu za simu, pamoja na ya ubalozi wako, ziandike kwenye karatasi uiweke pamoja na pasipoti. Nasisitiza karatasi, maana Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ilizimwa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Waliozoea kuzungumza kwa WhatsApp peke yake walikaa siku kadhaa hawajui ndugu yao yu hai au la. Kubaliana na watu wa nyumbani saa ya kupiga simu, na mkubaliane pia: ikipita usiku mmoja kimya, nani aanze kuulizia, na aanzie kwa nani.

Linalofuata linauma kulisema. Mashariki ya Kongo mtu anaweza kushukiwa kwa sura yake, kwa lafudhi yake, au kwa kilichomo kwenye simu yake. Si haki, lakini ndivyo ilivyo. Jitoe kwenye makundi ya matusi ya kisiasa kabla ya safari, usipige picha askari wala kizuizi, na mjadala wa nani ana haki kwenye vita hivi usiuanzishe ndani ya basi. Vijana, hili nalisema kwenu zaidi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, tukimaliza umuganda, ile kazi yetu ya pamoja, na kukaa kikao, naomba kila isibo, yaani kila kundi la kaya jirani, itenge dakika chache. Aliyetoka Gisenyi, Rusumo au Kampala atueleze alichokiona njiani. Anayejiandaa kwenda, na hana ndugu hapa, achague jirani wa kuachiwa namba zake. Na mwenye chumba cha ziada ajitaje, kwa sababu mpaka ukifungwa jioni, kuna mama na watoto watakaokwama Kigali wakitafuta pa kulala usiku huohuo.