Nani Alichora Soko la Kariakoo?

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, msinilaumu. Pilikapilika za chumba cha habari mnazijua. Ila safari hii kuna kitabu pia kilichonikalisha chini.

Rafiki yangu mmoja, msanifu majengo, aliniazima kitabu kinene cha Kenneth Frampton, Modern Architecture: A Critical History. Kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1980, na wanafunzi wa usanifu katika nchi nyingi wamekisoma kama sisi tulivyosoma vitabu vyetu vya lazima. Nilichopewa ni toleo la tano, la mwaka 2020. Mzee huyo alizaliwa mwaka 1930, na alipokaribia miaka tisini alirudi mezani akaongeza sehemu kubwa kuhusu mabara ambayo matoleo ya mwanzo yaliyapa nafasi ndogo, Afrika ikiwamo. Kwa hilo nampa heshima yake. Hata hivyo, simulizi kuu ni ileile: chuo cha Bauhaus kilichoanzishwa mwaka 1919 kule Weimar, Le Corbusier, Mies van der Rohe, Ulaya na Marekani kwa sana.

Utaniuliza, sasa hiyo inamhusu nini mtu wa Mbagala anayegombania daladala asubuhi? Swali zuri. Ngoja nikupe mkasa mmoja.

Kule Poissy, karibu na Paris, kuna nyumba inaitwa Villa Savoye. Le Corbusier aliichora, ikakamilika mwaka 1931. Vita ikaja, wenyewe wakaondoka, askari wakaitumia, baadaye ikabaki kama ghala la shamba. Mwaka 1958 halmashauri ya mji ikaichukua, ikataka kujenga shule hapo. Nyumba ilikuwa ianguke. Kilichoiokoa ni makelele ya wasomi duniani, akiwamo Sigfried Giedion, aliyekuwa ameandika historia yake ya usanifu wa kisasa mwaka 1941. Mwaka 1965 Serikali ya Ufaransa ikaiweka kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na mwaka 2016 UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia.

Mnaona mchezo ulivyo? Nyumba iliyoandikwa kitabuni ina watu wa kuipigia kelele. Isiyoandikwa inavunjwa Jumapili, Jumatatu tunapita tunashangaa mabati ya uzio.

Sasa turudi kwetu. Kuna Mjerumani anaitwa Ernst May. Vitabu vya aina hii vinampenda kwa kazi yake ya Frankfurt kati ya 1925 na 1930, ambako alisimamia ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000 za watu wa kipato cha kawaida. Kisha akaenda Urusi ya Kisovieti. Mara nyingi hadithi inakatika hapo. Lakini mwaka 1934 huyu bwana alikuja Afrika Mashariki, akalima Tanganyika, akachora majengo Kenya na Uganda, akakaa kwetu karibu miaka ishirini. Jengo la ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, pale Moshi, ni kazi yake. Ni watu wangapi wa Moshi waliwahi kuambiwa?

Huyo ni mgeni. Je, wa kwetu?

Hapa naomba nikiri kosa. Julai 2021 Soko la Kariakoo lilipoungua, nilikuwa mwandishi mpya kabisa, nimetoka chuo juzi. Niliandika kuhusu wafanyabiashara waliopoteza mitaji yao, na hiyo ndiyo ilikuwa habari, sijutii. Siku ya pili nikatumwa kuandika historia ya soko. Nikaandika jina lilivyotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Nikaandika mwaka, nikaandika idadi ya vizimba. Mhariri akasoma, akapitisha. Hakuna kati yetu aliyejiuliza: nani alilichora?

Alilichora Mtanzania, Beda Amuli, aliyesomea Israel na kuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kusajiliwa kama wasanifu majengo Afrika Mashariki. Jengo lenyewe ni la nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Ukipita pale, inua macho. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, inakinga mvua na kuishusha chini ikahifadhiwe. Chini yake kuna kivuli, na pembeni pako wazi upepo upite. Huyu mtu alilijua jua la Dar, akaijua mvua ya masika, akamjua mama anayeuza mchicha kutwa nzima. Leo tunajenga minara ya vioo ambayo umeme ukikatika, watu wanatoka nje kupunga hewa. Nani ni wa kisasa hapo?

Mimi simlaumu sana Frampton. Hawezi kuandika ambacho sisi wenyewe hatujaandika. Mwaka 2015 kilitoka kitabu kinene cha Manuel Herz na wenzake kuhusu majengo ya enzi za uhuru barani Afrika. Kina Ghana, Senegal, Ivory Coast, Zambia, na jirani zetu Kenya. Tanzania haimo. Wakati huohuo Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tulikuwa tunatembea nao mfukoni, kwenye noti ya shilingi mia tano! Tulinunulia vocha, hatukuuliza.

Soko la Kariakoo lina bahati. Baada ya moto liliamuliwa likarabatiwe. Majengo mengine ya rika lake hayana jina kubwa kama hilo, na michoro yake ipo kwenye mafaili ya ofisi ambazo wazee wake wanastaafu na kuondoka duniani. Wakiisha hao, hata mtu akitaka kutuandika atakuta hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti. Kila nitakapoandika habari ya jengo, liwe linafunguliwa, linaungua au linabomolewa, nitatafuta jina la aliyelichora na mwaka lilipojengwa. Sentensi moja tu, haimalizi wino wa gazeti. Waandishi wenzangu, mkiweza fanyeni hivyo hivyo.

Nawe msomaji, kesho ukiwa njiani, chagua jengo moja la zamani unalolipita kila siku. Uliza nani alilichora. Ukikosa wa kukujibu, ujue hapo ndipo tatizo lilipo.