Msiiite Liemba meli ya Wajerumani

UPEPO WA ZIWANI
Na Rehema Kasongo

Kila nikimsikia mtu akisimulia habari za Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, najua ataanzia Papenburg, Ujerumani. Ni kweli ilitoka huko. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupanda treni kuja Kigoma. Februari 5, 1915 ilishushwa majini ikiitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyekuwa madarakani vilipozuka Vita vya Maji Maji. Julai 1916, walipoona Kigoma inawaponyoka, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito, wakitumaini kuirudia.

Walioiibua mwaka 1924 walikuwa Waingereza. Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini.

Hesabu basi. Kwa jina la Götzen ilielea mwaka mmoja na nusu tu. Sisi tumeipanda kwa zaidi ya miaka 80. Hata zile injini zilizopakwa grisi hazimo tena. Miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikawekwa dizeli. Kwa nini basi historia yake iishie kwa walioizamisha?

Mimi yangu inaanzia Kalya, chini ya milima ya Mahale. Kalya haikuwa na gati, kama vijiji vingi vya mwambao ule. Meli ilisimama kwenye maji marefu usiku, ikapiga honi, na kijiji kizima kikaamka. Mitumbwi iliizunguka kila upande, watu wakigombea mlango wa ubavuni uliokuwa ukiwaka taa. Mtumbwi hupanda na wimbi, hushuka nalo. Ukiruka mapema unakosa mlango, ukichelewa unakosa mkono wa baharia. Bibi alinirusha mimi kwanza, kisha tenga la migebuka mikavu, kisha yeye. Mtu nisiyemjua alinidaka kwapani akanikalisha juu ya gunia la dagaa, akageuka kumpokea mgonjwa aliyepandishwa kwa shuka.

Ndivyo tulivyofika hospitali, shuleni, sokoni. Barabara ilikuwa hadithi, na masika yakianza hata hadithi yenyewe ilikatika.

Na haikutubeba sisi peke yetu. Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikawaingia. Liemba ndiyo iliyotumwa, ikichukua watu kama 600 kila safari hadi Kigoma. Nako hakukuwa na gati. Watu walipelekwa melini kwa maboti, wazee na watoto wachanga, kama tulivyopanda sisi Kalya. Mtu aliyeokolewa vile hawezi kuambiwa kwamba meli hii ni ukumbusho wa vita vya wazungu.

Wapo wanaotaka ifanywe makumbusho, watalii waje kuipiga picha. Naheshimu mapenzi yao, lakini nawapinga. Chombo hiki kikarabatiwe kikamilifu na kirudi kwenye ratiba: Kalya, Karema, Kipili, Kasanga, mpaka Mpulungu kule Zambia, na siku ya kufika ijulikane. Mtalii anayeipenda akate tiketi, apande na matenga yetu.

Juzi shangazi yangu alipeleka dagaa zake Kigoma kwa boti la mbao, usiku, mzigo umefika ukingoni, bila jaketi la kuokolea. Upepo ulikuwa mkali. Nilimpigia simu mara nne kabla hajapokea, na alipopokea kulikuwa kumekucha.