Kazi ya Baba Hubebwa na Nyumba Nzima

Kila kazi ina mzigo unaowaangukia jamaa waliobaki nyumbani. Mke wa mvuvi hukesha usiku wa tufani. Kazi ya mwanazuoni huonekana nyepesi, kwani vitabu havizami. Hata hivyo, yako maarifa yasiyopatikana kwa kukaa mbali na watu unaotaka kuwaelewa.

Malcolm Kerr, Mmarekani, alizaliwa Beirut mwaka 1931. Wazazi wake walifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Kimarekani cha mji huo. Alipokua, aliyafanya mahusiano ya nchi za Kiarabu kuwa taaluma yake, akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1965 alitoa kitabu juu ya kile alichokiita vita baridi vya Waarabu. Humo alieleza jinsi Misri na Syria zilivyoungana mwaka 1958 na kutengana mwaka 1961, na jinsi mazungumzo ya Cairo ya mwaka 1963, ambayo Iraki nayo ilishiriki, yalivyoshindwa kuleta muungano. Waliohubiri umoja kwa sauti kubwa ndio walioshindana vikali, kila mmoja akitaka umoja huo uwe chini yake. Yeyote aliyewahi kuona ndugu wakigombea urithi atalielewa jambo hili.

Mwaka 1982, Lebanon ikiwa vitani, Kerr alikubali kuwa rais wa chuo kile cha Beirut. Hatari ilikuwa wazi: Julai ya mwaka huo, kabla hajashika kazi, kaimu rais David Dodge alitekwa nyara. Kerr alikwenda. Tarehe 18 Januari 1984 aliuawa kwa risasi nje ya ofisi yake chuoni. Alikuwa na umri wa miaka 52, na baba wa watoto wanne.

Je, baba mwenye watoto ana haki ya kwenda mahali kama hapo? Swali hili si jepesi, wala halifai kujibiwa kwa haraka na sisi tusiofiwa. Tutazame walivyofanya wafiwa wenyewe. Walidai haki mahakamani, na mwaka 2003 mahakama ya Marekani iliiamuru Iran iwalipe fidia. Lakini hawakuwachukia Waarabu wote kwa kosa la wauaji. Mjane wake, Ann, alitumia miaka mingi kuwahudumia wanazuoni wa kigeni katika chuo cha Los Angeles alikofundisha mumewe.

Mzazi mwenzangu, mtoto akileta nyumbani habari za taifa fulani, tumuulize kwanza: ni nani hasa aliyetenda, na nani hakutenda? Kerr aliliuliza swali hilo maisha yake yote. Jamaa zake waliendelea kuliuliza hata siku ambayo kulisahau kungalikuwa rahisi.